Mboga Tuliyoiacha Nje

Wapo watu, na si wachache, wanaoamini kwamba chapati ni unga, mafuta na chumvi, basi. Ukitia kitu kingine ndani yake umeiharibu. Watu hawa nimeishi nao na nimekula nao, na baadhi yao ni jamaa zangu wa karibu. Leo nataka kugombana nao, kwa heshima lakini bila kificho.

Ugomvi wenyewe ulianza na mwanangu. Siku moja, mwisho wa mwezi, nilimfungia paratha mbili za koliflawa aende nazo shule. Jioni akarudi nazo kama zilivyo. Wenziwe walikuwa wamemcheka, wakisema mama yake anaficha mboga katika mkate kwa kuwa hana nyama ya kuweka pembeni. Mtoto akashinda na njaa. Nilipomsimulia shemeji yangu, nikitaraji ataniunga mkono, alicheka naye. "Shemeji," akasema, "si umpikie chapati ya kweli kama watoto wa wenzako?"

Chapati ya kweli! Nami nauliza: hiyo ya kweli imetoka wapi? Jina lenyewe ni la Kihindi. Wahindi walifanya biashara katika pwani hii karne nyingi, na ilipojengwa reli kutoka Mombasa hadi Kisumu, kati ya 1896 na 1901, waliletwa vibarua zaidi ya 30,000 kutoka Bara Hindi, wengi wao watu wa Punjab. Wengi walirudi kwao mikataba ilipokwisha. Mkate wao ulibaki. Lakini tuliupokea nusu. Tuliichukua chapati, tukaiacha mboga nje.

Huko Punjab, nchi ya ngano, paratha yenye mboga ndani si chakula cha karamu. Ni chakula cha asubuhi cha mkulima anayekwenda shamba. Huliwa na mtindi, achari na kipande cha siagi, na mtu akafanya kazi mpaka jua la utosi. Unga wake ni ule usiokobolewa, uitwao ata, wenye pumba zake. Ndani hutiwa viazi, koliflawa, figili, au chochote kilichopo bustanini. Ndiyo hekima yake: mkate na kitoweo ni kitu kimoja, na mboga kidogo hushibisha watu wengi. Sisi tukauchagua unga mweupe, tukaongeza mafuta, kisha mwisho wa mwezi, pesa ya mchuzi ikikosekana, watoto wetu hula chapati tupu kwa chai ya rangi. Halafu tunawacheka waliotia mboga!

Mimi nilifundishwa na jirani yangu wa Kipanjabi, mama mtu mzima tuliyezoea kumwita Biji. Hakuwa na mizani wala kitabu. Alikuwa na kanuni moja: unga uwe laini, mboga iwe kavu. Wanaolalamika kwamba paratha hupasuka wameivunja kanuni hiyo kwa haraka zao. Viazi huchemshwa na maganda yake ili visinywe maji, vikaachwa vipoe kabisa, kisha vikapondwa pasibaki hata bonge moja, kwani bonge ndilo litoboalo. Koliflawa hukunwa mbichi. Figili hukunwa, ikatiwa chumvi, ikakamuliwa. Na Biji hakuyamwaga maji yake, aliyakandia unga. Viungo ni bizari nyembamba, giligilani iliyotwangwa, tangawizi, pilipili mbichi, kotmiri, na unga wa embe bichi lililokaushwa ili kuleta uchachu. Chumvi hutiwa mwisho, donge likiwa tayari mkononi, maana chumvi huivuta mboga itoe maji.

Kisha donge hutandazwa kwa vidole, katikati likiachwa nene kuliko kingo. Mboga huwekwa, kingo zikakusanywa juu kama mdomo wa mfuko, zikafungwa, donge likabonyezwa. Kusukuma ni kwa mkono mwepesi, kuanzia pembeni. Juu ya tawa huchomwa kavu kwanza pande zote mbili, ndipo ipakwe samli. Ukimwaga mafuta mapema, unakaanga unga mbichi.

Mwingine huniambia, "Mimi huponda viazi nikavikanda pamoja na unga. Si yale yale?" Si yale yale. Viazi huulowesha unga, nawe huongeza unga mwingine kuukausha, na kila ukiongeza, fungu la mboga linapungua na viungo vinapotea. Ni chapati laini, sikatai, lakini usiniambie kwamba umeokoa kazi na umepata kitu kile kile.

Na wale wasemao, "Hicho ni cha Wahindi, si chetu," nawajibu hivi. Kiazi hakikuzaliwa India. Kilitoka milima ya Amerika ya Kusini, kikavuka bahari na Wazungu. Pilipili vile vile ni mzaliwa wa Amerika, na Wareno ndio walioifikisha India. Kama mama wa Kipanjabi angesema, "Hiki si chetu," leo asingekuwa na paratha ya viazi ya kumpa mwanawe. Alikipokea kigeni, akakitia bizari yake, kikawa chake. Hata wao kwa wao hawafanani: katika kichochoro maarufu cha wauza paratha, Chandni Chowk mjini Delhi, huzikaanga katika samli tele, na mama wa Punjab mwenye tawa lake akiona hutikisa kichwa. Chakula ni cha anayekipika na kukilisha watu wake.

Sikatai kwamba kazi ni nyingi. Lakini tusidanganyane kwamba tunakwepa kazi tu. Tunakwepa macho ya watu. Tumeifanya chapati nyeupe kuwa alama ya uwezo, na mboga kuwa alama ya dhiki, na mtoto wa darasa la nne amelisoma somo hilo kwetu, wala si kwa wenziwe.

Asubuhi iliyofuata nilimfungia tena mbili, za figili. Nilimwambia, "Ukiona haya, mpe mwenzio nusu." Jioni karatasi ilirudi tupu. Sikumwuliza kama alikula yeye au walikula wao. Kesho yake alisema nimfungie nne.