Ushindi wa Watu, Jina la Mmoja

Ndugu Waislamu, mengi yamekwisha semwa juu ya michezo ya kompyuta: inapoteza wakati, inapitisha Sala. Hayo ni kweli. Leo nataka kusema juu ya uwongo mmoja uliomo ndani yake, ambao wazee hawauoni, na vijana wanauamini kama ushahidi mbele ya kadhi.

Uko mchezo uitwao League of Legends, uliotolewa na kampuni ya Marekani mwaka 2009. Hucheza watu watano kwa watano, kila mmoja na mhusika aliyemchagua miongoni mwa zaidi ya 160. Mchezo ukisha, wahusika watano wa upande ulioshinda wote huandikiwa ushindi: aliyepigana, aliyezubaa na aliyebebwa. Kisha huhesabiwa kila mhusika ameshinda mara ngapi katika mia. Wa 53 husifiwa, wa 46 hudharauliwa.

Haya, namba hiyo yamshuhudia nani? Jahazi likifika bandarini salama, yuko aliyeshika usukani, yuko aliyetweka tanga, na yuko aliyekuwa chini akiteka maji ya ngama. Ukimwandikia kila mmoja "amefika", umesema kweli. Lakini hujasema nani baharia. Mhusika mgumu akishikwa na wanaojifunza, namba yake huanguka; asiyependwa na wengi akishikwa na wachache waliomzoea, hupanda. Mhusika aitwaye Azir kwa miaka mingi alikuwa na namba ndogo kwa wachezaji wa kawaida, na huku mabingwa wakimchagua katika mashindano makubwa. Kasoro ilikuwa yake, au ya mkono uliomshika?

Watengenezaji wana haja na namba hizo, wapate kupunguza nguvu hapa na kuongeza pale. Kijana wetu huzifanya hukumu. Mwenzake akichagua mhusika wa namba ndogo, humtukana kabla mchezo haujaanza; wakishindwa, humtafuta wa kumtwika lawama. Matusi ya mama na baba, ndani ya nyumba inayosomwa Qur'ani!

Sayyidna Umar (R.A.) alipomuuzulu Khalid bin Walid (R.A.), jemadari aliyezoea kushinda, wanahistoria wameeleza kwamba alichelea watu wasije wakadhani ushindi watoka kwa Khalid, si kwa Mwenyezi Mungu. Na siku ya Uhud, mwaka wa 3 Hijria, wapiga mishale walioacha mahali pao kilimani walilitia jeshi zima katika msiba. Je, wale wachache waliothibiti pale pale na kiongozi wao mpaka wakauawa, nao tuwaandikie "wameshindwa"? Hasha! Mbele ya Mwenyezi Mungu, kila mtu na tendo lake.

Basi ewe mzazi, mtoto akiinuka kwenye kompyuta, usimwulize, "Umeshinda?" Mwulize amewafanyia nini wenziwe. Na kama yuko aliyemtukana, amtake radhi leo hii, kabla ya ile siku ya hesabu isiyokosea.

Wabillahi tawfiq.