Nani aliwaambia atomu haionekani?

Wasee wa Thika na Ruiru, kuna kitu tumelishwa tangu fomu wani: ati atomu haionekani, chora tu duara, weka vidoti, chukua maksi zako uende. Manze, hiyo stori imepitwa na wakati zaidi ya miaka arobaini!

Mwaka wa 1981, Gerd Binnig na Heinrich Rohrer, kwa maabara ya IBM kule Uswisi, waliachana na lenzi kabisa. Walichukua sindano yenye ncha kali sana, ikiishia karibu na atomu moja. Wakaisogeza kwa chuma bila kugusa, wakatia umeme kidogo. Elektroni zinavuka huo mwanya. Mwanya ukiongezeka hata nusu ya upana wa atomu, umeme unashuka karibu mara kumi. Kwa hivyo ukipitisha sindano mstari kwa mstari, unapata ramani ya vilima na mabonde ya atomu. 1986 wakapewa Nobel. 1989 Don Eigler akasukuma atomu 35 za zenoni mpaka zikaandika IBM. Sisi bado tunachora duara.

"Mashine ni ghali." Hilo ndilo jibu nilipewa chuoni kabla niache (chuo sitataja). Ya kununua ni ghali, sawa. Lakini Dan Berard wa Kanada alijitengenezea yake. Kinachosogeza sindano ni kile kisahani chembamba kinacholia "piii" ndani ya vitoi na kengele. Ukikipa umeme kinajikunja kidogo sana. Akaona atomu za grafaiti, ndugu ya ile iko kwa penseli.

Shida yenyewe ni mtikisiko. Weka hiyo kitu kando ya Thika Road, nganya ipite na ile besi yake, picha imeisha. Basi ining'inize kwa springi, ufanye kazi usiku. Na kushika solda? Mafundi wa simu pale Ruiru wanatushinda wengi tuliosomea.

Najua mtauliza, atomu italeta unga? Nyeri, pale Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, kuna kiwanda cha chipu. Chipu ni kazi ya nyuso ndogo kama hizi. Mnataka waajiri nani, watu wa kuchora duara?

Walimu wa fizikia, wapeni vijana sindano, kisahani na muhula mmoja. Na nyinyi wa Juja, mko na maabara na bado mnangoja nini? Mimi sina digrii, lakini kisahani ninacho. Natafuta mtu wa solda.