Lushoto Haikuanza na Wilhelmstal

Wapo watu wengi nchini, na miongoni mwao wamo walimu na watumishi wa Serikali, ambao wakiulizwa habari za mji wa Lushoto hutaja mambo matatu: kwamba kuna baridi, kwamba kuna matunda, na kwamba mji wenyewe ulijengwa na Wajerumani. Mawili ya kwanza ni kweli tupu. Hilo la tatu ni kweli nusu, na nusu iliyosahauliwa ndiyo inayotufanya tuandike leo.

Hakuna anayeweza kukana uzuri wa mahali hapo. Msafiri aiachapo barabara kuu pale Mombo, penye joto na mashamba ya mkonge, huanza kupanda njia nyembamba yenye kona nyingi, mlima upande mmoja na bonde upande wa pili. Hupita Soni yenye maporomoko ya maji, na baada ya kilomita zipatazo 33 tangu Mombo hujikuta katika mji ulio kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, ambako mwezi wa Julai mtu wa pwani hulala na mablanketi mawili na bado akalalamika. Akienda Irente husimama ukingoni mwa jabali na kuiona tambarare ya Mazinde chini kabisa, kama mtu atazamaye nchi kutoka katika ndege. Akipanda Magamba huingia katika msitu wa asili wenye mimea na viumbe ambao baadhi yao hawapatikani popote duniani ila katika milima hii na jirani zake. Ua dogo la zambarau ambalo wanawake wa Ulaya na Marekani hulipanda katika vyungu madirishani mwao asili yake ni Usambara. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 lilipelekwa Ujerumani na ofisa wao wa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, na mwaka 1893 wataalamu wakalipa jina lake yeye, si jina la milima lilikotoka.

Hapo ndipo penye jambo letu. Lililofanyiwa ua hilo ndilo lililofanyiwa mji wenyewe. Mgeni akifika Lushoto husimuliwa kwamba hapa palikuwa Wilhelmstal, yaani bonde la Wilhelm, kwa jina la mfalme wa Wajerumani. Huonyeshwa majengo ya zamani yaliyosalia, hupiga picha, akaondoka akiamini kwamba kabla ya Wilhelm palikuwa na ukungu na nyani. Tungevumilia kama mgeni peke yake ndiye angeamini hivyo. Tunasikitika kuona kwamba hata mtoto aliyezaliwa Mlalo au Bumbuli aweza kumaliza shule akijua jina hilo la Kijerumani vizuri kuliko ajuavyo jina la Vuga.

Vuga, iliyo karibu na Soni, ilikuwa makao makuu ya dola ya Wakilindi, ambayo asili yake husimuliwa kwamba ilianzishwa na Mbegha, mwindaji aliyetoka Nguu na kupokelewa na Washambaa kwa sababu aliwaulia nguruwe waharibifu na kuwagawia nyama. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, chini ya Kimweri ye Nyumbai, mamlaka ya Vuga yalitoka milimani yakafika mpaka pwani, katika nchi ya Tanga na Pangani, ambako yalikutana na mamlaka ya Sultani wa Unguja. Mmisionari Krapf alifika Vuga mwaka 1848, na tena mwaka 1852. Naye hakukuta pori, alikuta mfalme aliyempokea kwa taratibu za mfalme. Habari zote hizo, pamoja na visa vya ndani vya ukoo huo, ziliandikwa kwa Kiswahili fasaha na Abdallah bin Hemedi, katika kitabu cha Habari za Wakilindi, ambacho kilianza kupigwa chapa kwa sehemu mwaka 1895 na kutolewa tena mwaka 1962. Mwalimu wa Kiswahili na mwalimu wa historia wote wawili wana haki juu ya kitabu hicho. Ni katika maandishi marefu ya kwanza ya nathari katika lugha yetu, na mada yake ni milima yetu wenyewe.

Hatusemi kwamba utawala wa Wakilindi ulikuwa wa haki tupu. Kimweri alipofariki mwaka 1862 wana na wajukuu waligombania kiti, Wabondei wakaasi, Semboja wa Mazinde akaishambulia Vuga ikateketezwa, na katika vita hivyo watu wengi walikamatwa wakauzwa utumwani. Lakini Washambaa walikuwa na kipimo chao cha kuwapimia watawala, nacho kinafaa kujulikana na kila mtu aliyepewa ofisi. Walisema yupo mtawala anayeiponya nchi, *kuzifya shi*, na yupo anayeiharibu, *kubana shi*. Palipokuwa na mtawala mmoja mwenye nguvu, aliyepokea kodi na kuwajibika kwa mvua na chakula, nchi ilipona. Palipokuwa na nguvu kwa nguvu, wakubwa wakivutana na kila mmoja akichukua lake, nchi iliharibika na njaa ikaingia. Mtawala hakuulizwa amejenga nini. Aliulizwa kama watu wanakula.

Wajerumani waliingia katika nchi iliyokwisha kudhoofishwa na magomvi hayo. Mwaka 1891 wamisionari wao walijenga kituo Mlalo. Mwaka 1893 reli ilianza kujengwa kutoka Tanga, ikafika Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911. Mwaka 1895, Semboja alipokwisha kufariki, walimnyonga mwanawe Mputa aliyekuwa akitawala Vuga, wakamweka Kinyashi katika kiti ambacho tangu siku hiyo kilikuwa cha jina tu. Kisha wakajenga makao ya wilaya yao mahali pengine, mbali na Vuga, wakapaita Wilhelmstal. Walowezi wakagawiwa ardhi wapande kahawa, ambayo haikustawi kama walivyotumaini. Kutoka Shume mierezi ilikatwa na kuteremshwa hadi Mkumbara, kwenye reli, kwa nyaya zilizotandazwa juu ya magenge, kazi ya uhandisi ambayo mpaka leo huwashangaza wanaosoma habari zake.

Basi nani aliyeyajenga hayo yote? Mwaka 1907 wilaya ya Wilhelmstal ilianzisha kadi ya kazi. Kila mwanamume mwenye nguvu alipewa kadi iliyomlazimu kumfanyia Mzungu kazi siku 30 katika kila miezi minne, kwa ujira uliokwisha kupangwa. Asiyetimiza alichukuliwa kwa nguvu katika kazi za Serikali. Mlowezi hakuhitaji kumshawishi mtu wala kumlipa vema, maana kadi ilimletea watu mlangoni. Kwa hiyo mtu akituambia kwamba Lushoto ilijengwa na Wajerumani, tumwambie kwamba Wajerumani walitoa amri na ramani. Mawe yalibebwa na Washambaa, na siku walizobeba mawe ni siku ambazo mashamba yao wenyewe hayakulimwa.

Si Lushoto peke yake iliyopata miji ya namna hii. Waingereza waliifanya Shimla, katika milima ya Himalaya, makao ya serikali yao ya Uhindi wakati wa joto tangu mwaka 1864. Wafaransa walijenga Da Lat katika nyanda za juu za Vietnam. Kila mahali sababu ilikuwa ile ile: kukimbia joto na homa. Lakini baridi ilikuwa na kazi nyingine pia. Ilimweka mtawala mbali na watawaliwa, juu yao, mahali ambapo karatasi zilimfikia na kelele hazikumfikia. Twaomba msomaji alikumbuke hilo tunapofika kwenye habari ya matuta.

Waingereza waliuteka mji mwezi wa Juni 1916. Jina la Wilhelm likaondoka, Lushoto likabaki, nao magavana wakapenda kupumzika huko kama waliowatangulia. Watu walikuwa wakiongezeka, ardhi nzuri ilikuwa imepunguzwa na mashamba ya walowezi na hifadhi za misitu, na wakulima wakalazimika kulima miteremko mikali zaidi na zaidi. Udongo ukaanza kuteremka na mvua. Tusidanganyane: mmomonyoko ulikuwa jambo la kweli, na maofisa wa kilimo walioueleza hawakuwa waongo. Makosa yalikuwa katika dawa, na zaidi katika namna ya kuinywesha.

Mwaka 1946 mpango ulianzishwa katika bonde la Mlalo, na baadaye ukaenezwa sehemu nyingine za Usambara. Kila mkulima alitakiwa kupiga matuta katika mashamba yake, na miteremko mikali ikakatazwa kulimwa. Aliyekaidi alitozwa faini au alifungwa. Waliopewa kazi ya kuwakamata ni mazumbe, machifu wale wale ambao kwa desturi walipaswa kuiponya nchi, na ambao sasa walikuwa wakila mshahara wa Serikali. Kazi ya jembe ilikuwa zaidi ya wanawake, na kwa hiyo matuta yaliwaangukia wao. Mwanamke mwenye vishamba vitatu vinne vilivyotawanyika milimani, mume wake yuko mkongeni, alitakiwa apige matuta kila kimoja kabla ya mvua na bado watoto wale. Wakulima walisema kazi ni nzito na faida hawaioni. Wengi walishuku pia kwamba ardhi ikikwisha kutengenezwa itachukuliwa wapewe Wazungu, nao hawakuwa wajinga kushuku hivyo, maana ilikwisha kutokea.

Hawakuulizwa. Wakapinga. TANU ilipoanzishwa mwaka 1954 na kufika milimani ilikuta watu wamekwisha jipanga wenyewe, na suala la matuta likawa mlango wa kuingilia siasa ya uhuru. Kufika mwaka 1957 mpango ulikuwa umeshindwa na ukaachwa. Watu wakafanya jambo ambalo lilimsikitisha kila mtaalamu: waliyabomoa matuta, hata yale yaliyokuwa na faida, kwa sababu yalinuka faini na jela.

Tumeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu hiyo ndiyo sehemu ya historia ya Lushoto inayomhusu mtumishi wa umma wa leo kuliko majengo yote ya Wajerumani. Miteremko ipo. Udongo bado unateremka. Kabichi, karoti, nyanya na matunda yanayojaza malori kwenda Dar es Salaam yanatoka katika ardhi hiyo hiyo, ambayo inalimwa na watu wengi zaidi ya wale wa mwaka 1946. Mwaka 1981 ulianza mradi mwingine wa kuhifadhi udongo, uliojulikana kwa jina la SECAP. Huo ulihimiza kupanda majani ya guatemala na miti katika mistari inayofuata kontua, majani ambayo mkulima aliweza kuyakata akamlisha ng'ombe wake bandani. Pale mkulima alipopata maziwa na samadi kwa kazi yake, mistari ilidumu. Mkulima ni yule yule na mlima ni ule ule; tofauti ni kwamba safari hii alikuwa na sababu yake mwenyewe ya kuyatunza majani.

Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulikemea kiburi na dharau ya viongozi, ukataka wananchi washirikishwe katika kupanga mambo yao. Ingekuwa uongo kusema kwamba tangu hapo ofisi zetu hazijatoa amri zenye harufu ya matuta. Zimetolewa, tena nyingine na watu waliosoma historia ya matuta darasani wakafaulu mtihani. Ofisa kijana anayepelekwa Lushoto huiona hali ya hewa, akafurahi, akakaa ofisini. Tungependa kabla hajaweka sahihi yake katika sheria ndogo yoyote inayohusu miteremko, mifugo au misitu, ateremke Mlalo akae na wazee siku mbili. Lushoto ina chuo kinachofundisha watumishi wa Mahakama kutoka mikoa yote. Tunaona vema wanafunzi wake nao wajue kwamba katika milima inayowazunguka watu waliwahi kufungwa kwa kosa la kutopiga tuta.

Majengo ya zamani yasivunjwe. Wako wanaodhani kwamba kuyatunza ni kuutukuza ukoloni, sisi hatukubali. Yalijengwa kwa jasho la watu wetu na ni mali yao. Kinachotakiwa ni maandishi, ubao mmoja wa Kiswahili penye kila jengo, unaotaja kadi ya kazi ya mwaka 1907 pamoja na jina la Wilhelm. Na wanaowaongoza wageni waanzie safari yao Vuga, ambako hakuna jumba la mawe la kupigwa picha, wakaeleze hapo kilichokuwapo na kilivyoondolewa, kisha ndipo wapande Irente.

Kwa walimu tuna ombi la haraka zaidi. Mtoto wa miaka kumi aliyemwona mama yake akipiga matuta mwaka 1955 ana umri wa miaka themanini leo. Wazee wa namna hiyo bado wako Mlalo, Mtae, Bumbuli na Vuga, lakini kila masika hupungua. Daftari na kalamu kila shule inazo. Wanafunzi wa madarasa ya juu watumwe kwa babu na bibi zao likizo hii, waulize nani alikamatwa, faini ilikuwa shilingi ngapi, wanawake waliimba nini walipokuwa wakipiga matuta na walisema nini siku waliyoyabomoa. Waandike kwa Kishambaa kama mzee hakijui Kiswahili vizuri, na madaftari yawekwe katika maktaba ya shule, nakala moja ipelekwe Halmashauri.