Mpiga picha mpya aanze na bahari ya nyumbani

Juzi baada ya swala ya Isha, kijana mmoja wa mtaani kwetu hapa Mombasa alinijia barazani na simu yake mkononi. Tulipokwisha kuamkiana alikaa akanionyesha picha kama arubaini hivi alizopiga ufuoni, na kila moja ilipopita uso wake ulizidi kukunjamana. "Ami," akaniambia, "mbona picha zangu haziwi kama zile za kwenye kalenda? Nataka ninunue kamera ya lenzi ndefu, kisha niende Tsavo nikapige simba." Bei aliyonitajia ingetosha kulipa kodi ya nyumba yao mwaka mzima.

Nikamwambia asinunue. Yeye hakufurahi, mamake alipopata habari alifurahi mno. Kwa hiyo nimeona ni haki niyaeleze maoni yangu hapa kwa urefu, maana najua wako wengi kama yeye mwambao mzima, kuanzia Vanga hata Kiunga.

Mimi nasema hivi: mtu anayeanza kupiga picha za maumbile, yaani za miti, ndege, bahari na viumbe vyake, hana haja ya kwenda mbali wala ya chombo cha ghali. Haja yake ni kupajua mahali pamoja karibu na kwao, apajue kwa saa zake na kwa misimu yake. Na sisi watu wa pwani nusu ya elimu hiyo tumelelewa nayo, ila hatuitumii.

Nami nilikosea vivyo hivyo. Katika ujana wangu, siku za kamera za filamu, niliazima kamera ya rafiki, nikanunua filamu moja ya picha 36, nikapanda gari na wenzangu mpaka Tsavo Mashariki. Tulifika jua limekwisha panda. Filamu ilimalizika kabla ya saa nane mchana. Picha ziliposafishwa nilizitandaza kitandani nikaona aibu ya peke yangu: simba alikuwa nukta ya rangi ya mchanga chini ya kichaka cha rangi ya mchanga, ndovu alikuwa kivuli, na picha tano zilikuwa za mkono wa mwenzangu akinionyesha ndovu aliko. Kamera ile haikuwa na kosa. Nilikwenda saa mbaya, mahali nisipopajua, kumtafuta mnyama nisiyezijua tabia zake.

Tuanze na mwanga, kwani ndio asili ya kazi yote hii. Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra karibu na mwaka 965 na kufariki Cairo karibu na mwaka 1040, alieleza katika Kitab al-Manazir kwamba tunaona kwa mwanga utokao kwenye vitu na kuingia machoni, wala si kwa miale itokayo machoni kama walivyodhani wengi kabla yake. Alichunguza pia jinsi mwanga upitao katika tundu dogo unavyochora sura ndani ya chumba cha giza. (Neno kamera kwa Kilatini maana yake ni chumba. Wale wanaotuambia barazani kwamba ni la Kiarabu wamependezwa na hadithi yao tu. Fahari ya Ibn al-Haytham haihitaji msaada huo.) Basi kamera haimpigi ndege, hupiga mwanga uliomwangukia ndege. Na huku kwetu karibu na Ikweta jua halipandi polepole kama Ulaya. Huchomoza kama saa kumi na mbili na robo, na ifikapo saa mbili na nusu vivuli vimekwisha kuwa vyeusi, maji yamekuwa meupe, na majani ya mikoko yang'aa kama bati jipya. Unazo saa mbili asubuhi na saa moja na nusu hivi kabla ya Magharibi. Muislamu aliyeamka kuswali Alfajiri amepewa saa hizo mbili bila taabu: keshaamka, na mji ungali kimya. Tufanyalo wengi wetu ni kurudi kitandani.

Halafu maji. Vitabu vya kupiga picha vilivyoandikwa Ulaya vitakufundisha mengi juu ya lenzi, lakini havitakwambia neno juu ya bamvua. Sisi tunalijua toka utotoni. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu maji hujaa sana na kupwa sana, tofauti ikawa mita tatu na zaidi, na hapa Mombasa siku hizo maji hupwa kabisa kama saa nne asubuhi na saa nne usiku. Kila siku ipitayo huchelewa kwa kiasi cha dakika 50. Hebu msomaji fanya hesabu. Siku ya bamvua mwamba wote uko wazi na kila kidimbwi kina viumbe vyake, lakini ni saa nne, jua linachoma, na picha hutoka kama zilizomwagiwa chokaa. Atakaye maji yaliyopwa pamoja na jua changa, siku zake ni mwezi unapotimiza siku tisa au kumi, na tena siku ya ishirini na nne au ishirini na tano. Ni kweli siku hizo hayapwi sana, kwa kuwa ndiyo kwanza yanatoka katika maji mafu, walakini tope la kandokando ya mikoko huwa wazi na mwanga ni laini. Na apendaye maji yaliyojaa mpaka kwenye mizizi ya mikoko, yametulia kama kioo, na aende alfajiri ya mwezi kumi na saba. Hesabu hii si ya dakika kwa dakika, lakini haijanipoteza. Kalenda ya Kiislamu iliyotundikwa ukutani kwenu ndiyo ratiba ya mpiga picha wa pwani, na sijui ni wangapi wamepata kuitazama kwa nia hiyo.

Mfano mzuri wa haya niliuona hori la Mida, karibu na Watamu. Nilikwenda huko msimu wa Kaskazi, wakati ndege wa pwani waliohama kutoka nchi za baridi wamejaa tele, vitwitwi na sululu na wenzao. Siku ya kwanza nilifika maji yamepwa, ndege wote wako mbali katikati ya tope, nami nikaanza kuwafuata kwa miguu. Kila nilipopiga hatua kumi wao waliruka hatua mia. Nilirudi na tope mpaka magotini na picha za mikia. Mzee mmoja mvuvi aliyekuwa akitengeneza wavu wake alinitazama muda mrefu, kisha akanambia, "Bwana, wewe unawafuata wa nini? Kaa hapa. Maji yatakuletea."

Na kweli yaliniletea. Maji yalipoanza kujaa yaliwasukuma ndege kidogo kidogo kutoka katikati mpaka ukingoni, nami nimekaa chini kimya penye kivuli cha mchu. Miongoni mwao alikuwamo ndege mmoja mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu na mdomo mnene mweusi, ambaye chakula chake kikubwa ni kaa. Ndege huyu hutaga yai lake ndani ya shimo alilochimba mchangani, huko pwani za Oman na Ghuba na Somalia, kisha huja kwetu kwa msimu, kama yalivyokuwa yakija majahazi. Nilimtazama akimkimbiza kaa, akasimama, akamkimbiza tena. Nilipiga picha sita tu. Hizo sita ndizo za kwanza katika maisha yangu ambazo mtu mwingine aliziomba.

Pale ndipo nilipojifunza na jambo la yangeyange. Ndege mweupe akisimama juu ya tope jeusi, kamera au simu hudhani kuna giza, hivyo huongeza mwanga, na ndege akatoka kama karatasi tupu isiyo na unyoya hata mmoja. Dawa yake ni nyepesi. Kwenye simu nyingi, mguse ndege pale kiooni, kitatokea kijua kidogo; kivute chini mpaka unyoya uonekane. Tope likizidi weusi si neno. Na usivute picha kwa vidole ili kumleta ndege karibu, kwani hapo hujamkaribia, umeikata picha tu na kuikuza. Ikiwa yuko mbali, piga picha ya mahali pote, hori na mikoko na mbingu, ndege awe mdogo ndani yake. Hiyo nayo ni picha.

Kisha inama. Picha nyingi nilizoonyeshwa na yule kijana alizipiga akiwa amesimama wima, akiwatazama kaa kwa juu kama mpita njia. Kaa dume yule mwenye gando moja kubwa, ukilala kifudifudi ukawa sawa na macho yake, huonekana shujaa amesimama mlangoni pa ngome yake. Kanzu itachafuka, kwa hiyo usivae kanzu. Mambo mengine madogo, kama kunyoosha mstari wa bahari usije ukaonekana bahari inamwagika upande mmoja, mtu hujirekebisha mwenyewe akiambiwa mara moja. Chumvi ndiyo adui: futa kioo kwa kitambaa laini kila urudipo, na kamera iweke penye ukavu pamoja na vile vifuko vidogo vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, la sivyo unyevu wetu huu utaiotesha ukungu ndani ya lenzi.

Liko jambo ambalo huniudhi, nami nitalisema. Siku hizi watu hukiokota kiti cha pweza kidimbwini, wakakiweka juu ya mchanga mkavu au mkononi mwa mtoto, wakapiga picha kumi. Kiumbe yule hupumua majini. Nje ya maji anateseka, na mara nyingi hufa baada ya wapiga picha kwenda zao. Nasema kwa uchungu kwa sababu na mimi nimepata kufanya hivyo, na picha ile ninayo mpaka leo, nzuri kwa rangi, wala siwezi kuitundika. Vivyo hivyo wale keremkerem wekundu wanaokuja kulala mikokoni Mida jioni za Kaskazi: ukipiga makofi ili waruke upate picha ya kundi, umewanyima malazi. Na wale kina mama wanaotoka na ndoo maji yakipwa kutafuta riziki mwambani si mapambo ya picha yako. Wana stara yao. Mwenye haja aombe, na akikataliwa ageuze kamera upande wa bahari.

Wengine wataniuliza juu ya hukumu ya picha zenyewe. Mimi si mwanachuoni, na wanavyuoni wamekhitalifiana, waulizwe wenyewe. Nijualo ni kwamba aghalabu hata walio wakali hawana neno juu ya picha ya mti au bahari. Mwenye shaka basi aanzie hapo, na mikoko inatosha kumfundisha mtu miaka miwili.

Lakini sababu yangu kubwa ya kumzuia kijana asikimbilie Tsavo ni nyingine. Mwaka 1998 bahari yetu ilipata joto kupita kiasi kwa ajili ya El Nino, matumbawe yakapauka, na sehemu kubwa katika pwani ya Kenya ikafa. Nilikuwa nikipita juu ya mwamba ule toka utotoni, kwa miguu na kwa dau, siku nyingine na kamera begani. Baadaye kijana mmoja aliyekuwa akisoma mambo ya bahari aliniuliza kama ninayo picha ya vile ulivyokuwa kabla. Nilipekua maboksi yote. Nilipata harusi, nilipata wageni wa Maulidi Lamu, nilipata ile nukta ya simba wa Tsavo. Mwamba wetu haukuwamo hata mara moja. Simba wa Tsavo anao wapiga picha kutoka dunia nzima. Ule mchu uliosimama peke yake ukingoni mwa hori la Tudor, ambako mikoko imekatwa na kuchafuliwa miaka nenda miaka rudi, ni nani anayeupiga picha? Ndiyo maana nimempa kijana kazi: achague mti mmoja, asimame pahala pale pale, aupige kila mwezi, maji yakiwa yamepwa na yakiwa yamejaa, Kusi na Kaskazi. Ikiwa baada ya mwaka bado anaitaka lenzi ndefu, mimi mwenyewe nitakwenda kusema na mamake.

Amekubali kwa shingo upande. Leo ninapoandika mwezi ni saba, na kesho kutwa utakuwa tisa. Tumepatana tukutane baada ya Alfajiri twende Tudor kwa miguu. Nimemwambia aje na kitambaa cha kufutia simu, viatu asivyovionea huruma, na, kwa kuwa mamake angali na furaha, vitumbua.