Anayesema Katiba Haiwahusu Wanyonge Aende Mwakitolyo

Kauli hii hurudiwa vijiweni na majukwaani: mwananchi wa kawaida hana shida na Katiba, anataka maji, barabara na ugali, Katiba waachiwe wanasheria na wanasiasa. Ni kauli ya uongo, na Mwakitolyo, kata ya wachimbaji wadogo wa dhahabu wilayani Shinyanga, inaikanusha waziwazi.

Dhahabu ikionekana shambani kwa mtu, maswali huanza siku hiyohiyo. Madini ni mali ya Taifa, leseni anayo mwingine, duara, yaani shimo la kuchimbia, lina mwenyewe, na mkulima kabaki na jembe. Alipwe nini? Ibara ya 24 ya Katiba ya Tanzania ya 1977 inakataza mtu kunyang'anywa mali yake bila idhini ya sheria inayoweka fidia inayostahili. Huo ndio ugali wenyewe.

Tena haki hizi hazikudondoka kutoka mbinguni. Katiba ya Uhuru ya 1961 haikuwa na sura ya haki za binadamu; sura hiyo iliingizwa katika Katiba ya 1977 mwaka 1984, na mahakama zikazuiwa kuitumia hadi 1988. Waliofuata kuipa uhai hawakuwa vigogo. Mwaka 1990, Mahakama Kuu Mwanza, Jaji James Mwalusanya alimpa ushindi Holaria Pastory, mwanamke wa Kihaya aliyepingwa na ukoo kwa kuuza shamba alilorithi kwa baba yake. Mwaka 1994 ikawa zamu ya Lohay Akonaay na mwanawe, wakulima waliopokonywa ardhi wakati wa Operesheni Vijiji, kampeni ya kuhamishia watu vijijini. Sheria ya 1992 ilitaka kufuta haki zao za kimila. Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ikatamka kwamba haki ya kimila juu ya ardhi ni mali inayolindwa na Katiba.

Hukumu hiyo inamgusa kila mkulima wa Mwakitolyo asiye na hati. Nani amewahi kumsomea?

Iliandikwa kwa Kiingereza, na Kiswahili kilifanywa lugha ya sheria na mahakama mwaka 2021 tu. Shuleni, mwanafunzi hukariri mihimili mitatu ya dola, akamaliza masomo bila kumsikia Akonaay. Halafu huyohuyo aliyenyimwa elimu anaambiwa hana haja nayo!

Ujinga huo umewahi kuwa na gharama kubwa zaidi. Marekebisho ya 2020 yalimtaka anayefungua shauri la haki za msingi aonyeshe kwamba yeye mwenyewe ameathirika. Wanaharakati wa Dar es Salaam hawakuweza tena kumsemea kirahisi mkulima wa Shinyanga. Ilimlazimu ajue mwenyewe kwamba ameonewa.

Mwaka 2023 Serikali ilitangaza miaka mitatu ya elimu ya Katiba. Elimu hiyo isiishie kwenye semina za mijini. Hukumu ya Akonaay itafsiriwe, ichapwe kwa Kiswahili chepesi, isomwe kwenye mikutano mikuu ya vijiji vya machimbo, na wenye mashamba na wenye maduara wapewe nafasi ya kuuliza maswali mpaka waridhike.