Kosa la Sentensi Si Upungufu wa Akili

Mwanafunzi akiandika kwa Kiingereza "My father he works in Dodoma", wengi wetu tunaosahihisha kazi hizo huchora mstari mwekundu, huandika "Kiingereza kibovu", kisha tukapita. Huko si kusahihisha. Ni kuhukumu bila kusikiliza shauri.

Kosa hilo lina asili yake. Tunasema "Baba yangu anafanya kazi Dodoma", na kitenzi hakisimami bila kiambishi "a-". Mwanafunzi amekihamisha kiambishi hicho kwa jina la "he". Aelezwe kwamba katika Kiingereza "My father" inatosha kuwa kiima, naye atalifuta "he" kwa mkono wake mwenyewe.

Ndivyo ilivyo kwa "the book which I bought it". Aliyeandika hivyo ana "kitabu nilichokinunua" kichwani, na "it" yake ni ile "-ki-" inayofuata "-cho-". Kadhalika "Although he is poor, but he works hard": sisi husema "ingawa" tukaongeza "lakini" bila kukwaza sikio la mtu, ilhali Kiingereza hutaka kimoja tu kati ya viwili hivyo.

Sisemi makosa haya yaachwe. Sentensi mbovu katika mkataba au waraka wa serikali huleta hasara. Nasema yatajwe kwa majina na yafundishwe kwa kulinganisha lugha mbili, kwani anayejua chanzo cha kosa hulitambua kabla ya msahihishaji.

Tangu 1967 Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia katika shule za msingi za umma Tanzania. Mtoto akiingia kidato cha kwanza hukabidhiwa Kiingereza, akatakiwa ajifunzie humo Baiolojia na Historia. Tume ya Makweta, iliyotoa ripoti yake mwaka 1982, ilipendekeza Kiswahili kifundishie hata sekondari. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Taifa limechagua kumvusha mtoto mto huu, kisha halikumjengea daraja, na sasa linamcheka kwa kulowa.

Kwa hiyo, ndugu mhadhiri, na wewe afisa unayetupa kando barua ya maombi ya kazi kwa sababu ya "he" moja iliyozidi: mmepima nini hasa? Kabla hamjamwita kijana huyu mjinga, mwonyesheni kosa lake liko wapi na limetoka wapi. Mkishindwa kueleza, basi nanyi hamjaijua lugha mnayomhukumia.