"Sijui" Nayo Ipewe Alama

Nilipokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha, mwanafunzi wa Kidato cha Tano aliniuliza: "Mwalimu, chaneli ya kalsiamu kwenye utando wa seli inajuaje kwamba hii ni kalsiamu na ile ni sodiamu?" Nikajibu bila kupepesa macho: tundu lake ni dogo, sodiamu haienei. Darasa zima likaandika. Msimamizi wangu aliyekaa nyuma akanipa alama nzuri za kujiamini.

Jamani, nilikosea. Ioni hizo mbili zinakaribiana sana kwa ukubwa. Nusu kipenyo cha kila moja ni kama nanomita 0.1. Tena nje ya seli sodiamu ni nyingi kuliko kalsiamu kwa zaidi ya mara 50. Ingekuwa ni chekeche tu, sodiamu ndiyo ingejaa ndani.

Jibu lenyewe ni hili. Katika chaneli za kalsiamu za moyo, sehemu nyembamba ya tundu ina glutamati nne, zote zenye chaji hasi. Kalsiamu ina chaji chanya mbili, sodiamu moja. Kwa hiyo kalsiamu inashikwa kwa nguvu, inakaa kama abiria aliyewahi siti, na sodiamu haina ubavu wa kuiinua. Inayoweza kuisukuma iingie ndani ni kalsiamu nyingine inayofika nyuma yake, maana chaji chanya hufukuzana.

Mwaka 1984 watafiti waliondoa karibu kalsiamu yote nje ya seli za misuli ya chura. Sodiamu ikapita kwenye chaneli zilezile bila shida. Kumbe tundu lilikuwa linaitosha siku zote!

Wiki iliyofuata nilirudi darasani, nikawaambia wafute. Yule aliyeuliza akasema: "Hata mimi niliona kwenye jedwali zinalingana, ila nikaogopa kukubishia."

Hapo ndipo iliponiuma. Wenzangu wa Ualimu, tunapimwa sauti, ubao na muda. Kwenye fomu niliyopimiwa mimi sikuona mahali pa kumpa alama mwalimu anayesema, "Sijui, nitakujibu kesho." Naomba idara ipaongeze kabla hatujarudi tena mashuleni. Kujiamini kwangu kulimfunga mdomo mtoto aliyekuwa sahihi, na mimi nikapata alama kwa hilo.